Hakuna Mwanamume Aliyekaa Nyuma

"Tutaongea baada ya soko, shemeji," dalali aliniambia, na hapo ndipo nilipomnyang'anya fimbo.

Alikuwa amesimama uani kwetu, mguu mmoja juu ya bampa la gari alilotuuzia, kama mtu anayepigwa picha na simba aliyeuawa na wengine, akiligonga boneti kwa ile fimbo yake nyembamba. Binti yangu alikuwa amelala mkekani kando ya mlango, mdomo umevimba, damu imemkaukia kidevuni. Asubuhi hiyo, tukimpeleka shule, mume wangu alifunga breki kwa sababu ya mbuzi wa watu. Kiti cha katikati kikang'oka chote, na mtoto akiwa amefungwa mkanda juu yake, kikaenda kumbamiza uso kwenye mgongo wa kiti cha dereva. Mkanda ulimshika mtoto na kiti vizuri sana. Ni kiti ndicho hakikuwa kimeshika kitu.

"Gari ni kama mnyama mgeni," dalali alisema. "Unampa siku chache azoee boma."

"Ni kweli," mume wangu akaitikia. Baba mzima, mwenye kazi ya ofisi, mwenye miwani. "Tungoje tu soko lipite."

Soko lilikuwa kesho yake. Kwa asiyejua mambo yetu ya Isiolo nieleze hapa hapa. Katika soko la mifugo huuzi wala hununui mnyama kwa mtu msiyejuana bila dalali. Dalali ndiye anayesema, "Huyu namjua, na mnyama wake namjua." Akishasema hivyo mbele ya watu, amebeba. Mnyama akiwa wa wizi, akiwa na homa, akiwa kipofu wa jicho moja, huhangaiki kumtafuta mwenyewe aliyekwisha kurudi Oldonyiro au Kulamawe. Unamrudisha mnyama mbele ya kamati ya soko, na dalali ndiye anajibu. Lakini mwisho wa kurudisha ni siku ya soko inayofuata. Jua la siku hiyo likitua, mnyama ni wako pamoja na ugonjwa wake.

Kwa hiyo "baada ya soko" halikuwa neno la mtu mwenye shughuli nyingi. Lilikuwa neno la mtu anayengoja jua litue. Mume wangu, aliyeuza mbuzi katika soko hilo tangu ujana, anaijua desturi hiyo kunishinda, na bado alisimama hapo akiitikia kama kinyonga juu ya tawi.

"Leta fimbo, shemeji," dalali akasema akicheka, macho kwa mume wangu, ili anirudishe mahali pangu.

"Utaichukua kesho sokoni. Mimi na gari tutakuwa huko."

"Kwani gari ni ng'ombe?"

"Si wewe umesema ni mnyama mgeni?"

Kicheko kikamkaukia. Dalali bila fimbo ni mtu tu aliyesimama juani. Aliondoka mikono mitupu, akiipangusa kwenye suruali kama mtu aliyemaliza kula, na mimi nikaenda kumwosha mtoto.

Nirudi nyuma kidogo. Gari nililitaka mimi. Sitaki mtu aseme nilivutwa.

Binti yangu huyu ndiye kifungua mimba, na miguu yake haijawahi kumbeba. Shingo pia huchoka. Kichwa chake, lakini, hakichoki, na kuna darasa linalowapokea watoto kama yeye upande wa pili wa mji, pale lami inapokwisha na mifereji ya mvua kuanza. Kumfikisha huko ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila siku. Nilimpeleka kwa bodaboda, nimemfunga mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, hadi miguu yake ikawa mirefu na bomba la moshi likamchoma kifundo. Nikahamia tuktuk. Tuktuk haina mlango wa maana, na kwenye mifereji ile mtoto huteleza kama gunia la viazi, ukimshika shingo unaacha mguu, ukishika mguu unaacha shingo. Tulifika shuleni sote wawili tuna rangi ya barabara.

Magari madogo ya kawaida nayo nayajua. Jirani alitusaidia mara kadhaa. Mlango unafunguka kidogo, unainama, unajipinda, unaingiza kichwa cha mtoto kwanza huku umekishika, na miguu inabaki nje kama ya panzi. Kiti chake cha magurudumu kinafungwa juu kwa kamba. Ukishamaliza, mgongo wako ndio unahitaji darasa maalum.

Halafu siku moja kwenye harusi nikaona gari la viti saba, lile la mlango wa kuteleza pembeni. Mwenyewe, mgeni wa kutoka Meru, aliniona nikihangaika akasema, "Mama, weka mtoto hapa kwanza apumzike." Sakafu ilikuwa chini, usawa wa goti langu. Sikuinama. Nilimweka mtoto ndani kama mtu anayeweka mkate kabatini. Yule mgeni akauteleza mlango ukafunga, binti yangu akatoa macho, akasema neno lake analolipenda kuliko yote: "Tena!" Ukafunguliwa. "Tena!" Harusi ilikwisha na mwenye gari alikuwa bado anafungua na kufunga.

Nikaanza kupima. Mimi nina kidato cha nne, najua kupima jambo pande mbili. Upande wa uzuri: mlango ule, sakafu ile, nafasi ya kuweka kiti cha magurudumu bila kukikunja, na wadogo zake wawili wanakaa nyuma bila kumkanyaga. Upande wa ubaya: tumbo la gari liko chini, na mawe ya Isiolo hayana adabu. Linakunywa mafuta. Vipuri vyake vinatoka mbali. Gari lenyewe ni la mkono wa pili, au wa tatu, au wa nne, na gari kuukuu ni kama mjane anayeolewa tena: kuna mambo aliyoyaona ambayo hatakuambia. Na ubaya mkubwa kuliko wote, viti saba. Ukiwa na viti viwili una gari. Ukiwa na viti saba una ukoo.

Hilo la mwisho halikuchelewa. Kabla hata hatujaona gari lolote, shemeji zangu walikuwa wamesikia. "Viti saba! Mazishi yote sasa tumepata usafiri." Mmoja aliuliza kama viti vinalala, ili beberu asimame vizuri.

Mume wangu naye alipima, kama huko ni kupima. Ubaya aliouona ni mmoja: "Hii ni gari ya kina mama." Alitaka pikapu, yenye miguu mirefu, ya kusimamisha mbele ya baa akatambulika. Nikamuuliza mtoto atakaa wapi katika pikapu. Akasema, "Mbele, utampakata." Mtoto ana miaka minane. Nikamuuliza akifika kumi na minane nitampakata na nini. Akavua miwani akaifuta. Huyo ndiye mume wangu akishindwa: anafuta miwani. Kisha akasikia kwamba magari haya yana redio kubwa yenye kioo, na ghafla ikawa ni gari ya familia, gari ya mtu mwenye mipango.

Mali ya kununulia, sehemu kubwa ilikuwa yangu. Baba alinipa mbuzi wawili nilipomaliza shule, akasema hiyo ndiyo shahada yangu, maana chuo hakuna. Mama akanichungia kwake Ngaremara, wakazaa, wengine tukabadilisha kwa mitamba. Nilipokwenda kumwambia nataka kuwatoa, mama alikuwa akikamua. Hakugeuka.

"Mbuzi anazaa," akasema. "Gari inazaa nini?"

"Itamzalia mjukuu wako shule."

Alikamua akamaliza. "Haya, toa. Lakini angalia meno."

Mama yangu hajawahi kumiliki hata baiskeli, na katika mashauri yote niliyopewa kuhusu gari, hilo peke yake ndilo lililokuwa na maana. Wengine waliniuliza rangi.

Sasa huyu dalali. Ni mtu wa kanisa letu, anapiga kayamba Jumapili amefumba macho kama mtakatifu. Amemuuzia mume wangu mbuzi miaka mingi na hajawahi kumdanganya. Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la wanaume wa huku, sijui kama kwingine lipo. Mume wangu aliamini kwamba mtu asiyekudanganya kwa mbuzi hawezi kukudanganya kwa kitu kingine. Ni sawa na kusema kinyozi wangu ana mkono mwepesi, basi anipasue tumbo.

Dalali alikuja na habari tamu. Kuna gari la viti saba, lilikuwa la mwalimu mmoja huko juu, kazi yake kupeleka watoto shule na kanisani. Mwenyewe anahama, hataki pesa, anataka mifugo. Mitamba yangu na mbuzi wangu, kidogo cha mume wangu juu yake, tumemalizana. Na kwa kuwa ni mifugo inatoka, mambo yatafanyika sokoni, siku ya soko, kwa desturi ya soko.

Siku hiyo, gari likiwa mbele yetu sokoni, nilisema, "Tulipeleke kwanza kwa fundi mwenye shimo, aingie chini aangalie."

Dalali akashika kifua. "Shemeji! Kwani mimi nikikuletea ng'ombe huwa unaita daktari?"

Wanaume wakacheka. Mume wangu akanivuta kiwiko. "Usituaibishe mbele ya watu."

Nikauliza karatasi za gari. "Karatasi zitafuata, ni za kuandikisha tu. Hapa tunafuata desturi. Mimi namjua mwenyewe na gari yake naijua. Mimi nimebeba." Dalali alisema hivyo kwa sauti, fimbo juu, na akina mama wa maziwa ya ngamia waliokuwa wameketi na mitungi yao kando ya ua walisikia, kwa sababu nilikuwa nimesimama nao. Ndipo nilipoambiwa nisimame. Mali yangu inauzwa, mimi niko upande wa maziwa.

Mngewaona wakilikagua. Walilizunguka. Walilipiga makofi ubavuni. Waliyapiga magurudumu mateke. Walifungua boneti wakasimama kimya wakitazama ndani kama watu wanaoaga maiti, kwa heshima na bila kuelewa chochote. Mmoja akachuchumaa akachungulia tumboni kama anayetafuta kiwele. Halafu wakalitembeza! Naapa, walilitembeza: mmoja akaliendesha polepole kwa mduara, wengine wamekunja mikono wakitazama kama linachechemea. "Haichechemei," mume wangu akatangaza, na miwani yake inang'aa.

Kila mmoja wao alipanda. Kila mmoja alipanda mbele. Walishika usukani, walifungua redio, walirudisha kiti nyuma wakakunja nne. Hakuna mwanamume aliyekaa nyuma. Hakuna hata mmoja aliyegusa ule mlango wa kuteleza ambao ndio sababu ya gari lote. Mimi nilikwenda kuugusa. Dalali akafika haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifika popote.

"Usiifungue hapa, shemeji. Vumbi ya soko itaingia kwa reli. Utafungua nyumbani."

"Nataka kukaa nyuma niangalie kiti cha mtoto."

"Kiti ni kiti."

Nilipogeuka kumwita mume wangu, mkono wake ulikuwa tayari chini ya shuka na wa dalali, wakibonyezana vidole bei ya mwisho kama wafanyavyo kwa ngamia ili watu wasisikie. Wakaachana, wakapeana mkono hadharani, watu wakasema heri. Mifugo ikaondoka. Mtamba wangu mwekundu alijisaidia katikati ya lango, juu ya kiatu cha yule aliyekuwa akimswaga, na hakugeuka kutuangalia. Katika biashara yote ya siku hiyo, huyo ndiye peke yake aliyetoa maoni yake.

Sitasema uongo, siku za kwanza zilikuwa tamu. Binti yangu alifika shuleni msafi. Mwalimu alimgusa shati akasema, "Leo umekuja kama bibi harusi." Mlango uliteleza, ukikwama kidogo mwishoni, na kila asubuhi ilikuwa "Tena! Tena!" mpaka baba yake akachelewa kazini. Niliona mwaka mzima mbele yangu, mtoto akisoma, mimi nikipata asubuhi zangu, labda nifungue kibanda. Kitu kimoja tu kilikuwa kimewekwa juu ya lile gari, shule ya mtoto, na kilikuwa kinatembea.

Kisha binti yangu, ambaye mikono yake hupenda kuchokoa, akachomoa kitu chini ya zulia la kiti cha nyuma. Jani la mgomba lililokauka, na ndani yake vijiti. Kila mtu wa Isiolo anajua ni nini kinachofungwa kwa majani ya mgomba. Nilimwekea mume wangu mezani, kando ya chai.

"Gari la mwalimu," nikasema. "Watoto wa shule walikuwa wanatafuna miraa?"

"Labda mwalimu mwenyewe."

"Na kiti cha katikati kinalia."

"Viti vyote hulia."

Anajua nini kuhusu viti vyote? Hajawahi kukaa katika chochote isipokuwa cha mbele.

Magari ya miraa hata mtoto wa chekechea anayajua. Yanatoka juu Meru na mzigo mbichi, na mzigo huo haungoji mtu, kwa hiyo yanakimbizwa kama yameibwa. Viti hung'olewa ili mafurushi yapate nafasi. Siku mtoto alipoumia, baada ya dalali kwenda bila fimbo yake, nililifunua zulia lote mwenyewe. Reli za kiti zilikuwa zimelika kwa kutu. Kiti kilikuwa kimefungwa kwa waya, ule ule wa kufungia ua wa mbuzi, ukazungushwa mara nyingi na kufunikwa vizuri na zulia jipya. Zulia lilikuwa zuri kweli. Mtu alifikiria rangi.

Nilimwita mume wangu aje aone. Alitazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakufuta miwani.

"Kesho unatupeleka sokoni," nikasema.

"Mama watoto, yule ni mtu wa kanisa. Tutaongea naye taratibu. Ukimpeleka kwa kamati utaharibu jina langu na lake."

"Sawa. Mimi siwezi kuendesha. Nitakodi punda walivute, na nitawapitisha mbele ya ofisi yenu saa ya chai."

Alituendesha. Mtoto nilimwacha kwa jirani. Mimi nilikaa nyuma, sakafuni, nimeikumbatia miguu ya kile kiti kisije kikaniua na mimi, fimbo ya dalali imelala magotini. Mume wangu hakuwasha redio.

Langoni askari wa soko akainua mkono. "Magari yanaegeshwa nje."

"Hili si gari. Ni mnyama wa kurudishwa."

Alinitazama, akatazama fimbo, akaijua ni ya nani. Akafungua lango akipiga yowe la furaha kuwaita wenzake. Mume wangu akaliingiza mpaka kwenye kile kigingi wanachofungiwa wanyama waliorudishwa. Nikafunga kamba kwenye bampa, nikaifunga kigingini. Watu waliacha ng'ombe wao wakaja.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa katika kibanda chake cha mabati akila mahamri, simu sikioni. Nilingoja amalize.

"Salaam aleikum, mwenyekiti."

"Aleikum salaam, mama. Nasikia umeniletea ng'ombe ya bati."

"Nimeileta. Ni mgonjwa."

"Hapa tunasikiza mambo ya mbuzi, ng'ombe, ngamia na punda. Gari peleka polisi."

"Polisi wataniuliza karatasi, na karatasi sina, kwa sababu dalali wenu alisema hapa ni desturi ya soko. Mifugo yangu ilitokea lango lenu. Mlichukua ushuru wa mitamba yangu?"

Akatafuna polepole. "Tulichukua."

"Basi mlichukua ushuru wa hili pia."

Dalali alikuwa amefika, amevaa kofia nyingine, kama hilo lingetusumbua kumtambua. "Mwenyekiti, huyu mama ana hasira ya mtoto tu. Gari ni karatasi. Desturi ni ya kitu chenye damu."

"Damu ipo," nikasema. "Njoo uione kwenye kiti."

Hapo mama mmoja wa maziwa, aliyekuwa amelizunguka gari kimya kimya, akapiga kofi. "Taa hii ya nyuma iliyobandikwa naijua mimi! Si ni hii ya miraa ilitaka kunikanyaga na mitungi yangu? Na si wewe ulikuwa umekaa mbele na dereva, ukanitukana?"

"Mama, magari yanafanana."

"Matusi hayafanani."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mwenyekiti hakucheka. Alijipangusa vidole, akatoka kibandani, akaja mpaka kwenye mlango wa kuteleza, akauvuta. Alichungulia. Aliuona waya. Akamgeukia dalali.

"Ukisema ng'ombe anakamuliwa, na mwenye kununua akakataa kuamini, hapa tunafanyaje?"

Watu wakamjibia: "Anamkamua mwenyewe!"

"Basi panda. Kaa hapo katikati, funga mkanda. Huyu bwana atakuzungusha ua mara moja na kufunga breki pale langoni. Kiti kikishika, mama anakurudishia fimbo na anakuomba msamaha."

Mume wangu, nimpe haki yake, aliingia upesi na kuwasha injini. Sijamwona na uso ule tangu tuoane. Alikuwa anataka sana kufunga breki.

Dalali alitazama kiti. Akatazama lango. "Mgongo wangu, mwenyekiti," akasema. "Mgongo unanisumbua tangu juzi."

"Kaa mbele basi," mtu akapaza sauti, "mbele umezoea!"

Hakupanda. Alibaki ameshika kiuno, mgongo ule ule ambao Jumapili huinama na kuinuka na kayamba bila taabu. Mwenyekiti akarudi kibandani, akamwambia karani, "Yaandikwe." Karani akauliza aandikeje kitu ambacho si mnyama. Nikamwambia anipe kalamu, niandike mwenyewe. Niliandika nimesimama, karatasi juu ya boneti, jua bado liko juu, na hivi ndivyo nilivyoandika, neno kwa neno:

*Kwa Kamati ya Soko la Mifugo.*

*YAH: KURUDISHA GARI LA VITI SABA KWA DESTURI YA SOKO*

*Mimi ni mama wa watoto watatu na mwenye mifugo iliyotolewa siku ya soko iliyopita. Nalalamika rasmi juu ya dalali wenu, aliyesema mbele ya watu kwamba mwenye gari anamjua, na gari analijua, na kwamba amebeba.*

*Alisema lilibeba watoto wa shule. Lilibeba miraa, na yeye akiwa ndani. Alisema kiti ni kiti. Kiti kilifungwa kwa waya wa ua. Nilipotaka kukaa nyuma nikikague, alinizuia. Kiti hicho kiling'oka na mtoto wangu asiyeweza kutembea wala kujikinga uso. Leo ameambiwa akikalie yeye, mtu mzima mwenye miguu miwili, akakataa. Naomba kukataa kwake kuhesabiwe kuwa ndiyo jibu lake.*

*Ninarudisha gari kabla jua halijatua, kama desturi inavyotaka. Limefungwa kigingini. Nataka mitamba yangu na mbuzi wangu, wale wale, na alama zao masikioni. Mama yangu anawajua wote kwa sura na atakuja kuwatambua. Kama wameuzwa, dalali alete wengine wa umri ule ule, wasiochechemea.*

*Mpaka hapo fimbo yake ibaki kwa kamati. Naikabidhi leo mbele ya mashahidi.*

*Mwisho, naomba kamati iweke neno hili katika desturi: dalali atakayebebea gari lolote katika soko hili, kwanza apande nyuma, mahali mama na watoto wanapokaa, na gari lifungwe breki naye yumo.*

*Mimi bado nataka gari la mlango wa kuteleza. Silitaki hili.*